Kuchoma Nyasi kwa Manufaa ya Wanyamapori: Mwongozo kwa Hifadhi za Jamii na Ranchi, Kutoka Lambwe hadi Nakuru

Anayesimama juu ya mteremko wa Kanyamwa mwezi wa Februari na kulitazama Bonde la Lambwe huona nyasi zilizokauka zikienea kuelekea vilima vya Gwassi, na si ajabu akaona pia moshi ambao hakuna aliyeupanga. Moto huo huenda umeachwa na mrina asali ambaye mwenge wake ulibaki ukifukuta chini ya mti, au umewashwa na mwindaji anayejua kwamba majani machanga yatawavuta swala hadi penye mitego yake, au na mchungaji aliyechoka kungoja mvua. Ukishapata upepo wa alasiri, huweza kufagia sehemu kubwa ya bonde kabla ya giza kuingia. Hasara yake si kwamba nyasi zimeungua, kwa kuwa nyasi za huko zimezoeana na moto tangu zama za kale. Hasara ni kwamba zimeungua zote kwa mkupuo mmoja, na mnyama mwenye mtoto mchanga hana tena mahali pa kumficha.

Mwongozo huu unaeleza moto wa aina nyingine, yaani ule unaowashwa kwa makusudi, katika kipande kilichopimwa, siku iliyochaguliwa na mbele ya watu wanaojua watauzima wapi. Umeandikwa kwa ajili ya kamati za hifadhi za jamii, wasimamizi wa ranchi na wenye ardhi kubwa inayopakana na mbuga. Ndani ya mbuga za taifa kazi hii ni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na raia hana ruhusa ya kuwasha huko hata kijiti kimoja cha kibiriti, nia yake iwe njema namna gani. Jambo moja litajirudia katika kila hatua: anayepanga uchomaji huanza kwa kuchora eneo litakalobaki bila kuungua, ndipo achore litakaloungua.

Mnyama anahitaji nini

Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba zipatazo 120 katika Kaunti ya Homa Bay, ilitengwa kama hifadhi mwaka 1966 na kupandishwa hadhi kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983. Ndiyo makazi ya mwisho nchini Kenya ya korongo, na hapa ninamaanisha yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma na uso wa weusi na weupe, si ndege wa jina hilo. Korongo hula nyasi na hukwepa vichaka vizito. Jike anapozaa humlaza ndama wake katika nyasi ndefu kwa wiki kadhaa, akienda malishoni na kurudi kumnyonyesha. Taya, swala mdogo ambaye wengi humwona tu anaporuka kutoka miguuni pao, huishi vivyo hivyo: hupenda kula majani yaliyochipua penye majivu, lakini mtoto wake hujificha katika nyasi ambazo hazikuguswa. Kuna pia mbayuwayu wa buluu, mgeni kutoka kusini mwa Afrika anayefika magharibi mwa Kenya kati ya Aprili na Septemba, ambaye hukamata wadudu akiruka chini chini juu ya nyanda zilizo wazi na hana kazi na mahali palipogeuka kichaka.

Kwa hiyo mnyama yuleyule anahitaji majani machanga ya kula na nyasi ndefu za kujisitiri, tena vyote viwili viwe karibu, ili asilazimike kuvuka uwanja mtupu kila asubuhi. Moto unaoteketeza kila kitu humpa la kwanza na kumnyang'anya la pili. Ardhi isiyoungua wala kulishwa kwa miaka mingi nayo humnyima la kwanza, kwa sababu nyasi hujifunika zenyewe kwa majani yaliyokufa, shina hukosa mwanga, na aina bora kama ile nyasi nyekundu ambayo wataalamu huiita Themeda hupungua mwaka hadi mwaka.

Hatua ya kwanza: kupima kama moto unahitajika

Usiamini macho ya mbali. Shuka kwenye gari, piga magoti na ufungue kishungi cha nyasi kwa mikono miwili. Ukikuta katikati yake kumejaa majani ya kijivu yanayovunjika kama makaratasi ya zamani, na machipukizi machache ya manjano yakijipenyeza kutafuta jua, nyasi hizo zimechakaa. Ukikuta shina la kijani na udongo unaoonekana kati ya vishungi, ziache.

Kisha pima uzito. Chukua mbao nne na uunde fremu ya mita moja kwa mita moja, uitupe bila kuchagua mahali, angalau mara 20 katika eneo lote, na kila inapoanguka ukate nyasi zote zilizomo hadi usawa wa ardhi. Zianike mpaka zikauke kabisa, kisha uzipime kwenye mizani na kutafuta wastani. Gramu 400 kwa fremu ni sawa na kilo 4,000 kwa hekta, yaani takribani kilo 1,600 kwa ekari, na hicho ndicho kiwango ambacho wataalamu wa moto wa savana kusini mwa Afrika hukitumia kama mlango: juu yake nyasi kwa kawaida zimeanza kuchakaa, chini yake hakuna sababu ya kuchoma. Ukipata chini ya gramu 200, hata ukiwasha, moto utakuwa wa kurukaruka na kufa njiani.

Nitasema wazi kwamba sehemu nyingi za malisho ya jamii nilizotembelea, pande za Nakuru na hata karibu na Kisumu, hazifikii kipimo hicho. Ng'ombe na mbuzi wameshafanya kazi ambayo moto ungefanya, na kilichobaki ni kuipumzisha ardhi. Kamati inayochoma nyasi fupi kwa sababu jirani amechoma inaongeza udongo mtupu tu.

Yapo pia maeneo yasiyofaa kuguswa kabisa. Mafunjo ya Dunga, ya Yala na ya vinamasi vingine vya kandokando ya Ziwa Viktoria ni makazi ya ndege wasioishi mahali pengine popote ila ndani ya mafunjo, na nzohe, yule swala wa majini ambaye Mbuga ya Saiwa karibu na Kitale ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili yake, hutegemea kinamasi kizito cha kujificha. Kingo za Msitu wa Kakamega, migunga ya manjano ya kando ya mito na misitu ya euforbia upande wa mashariki wa Ziwa Nakuru ziwekwe nje ya mpango. Tena, penye kifaru mweusi kichaka si adui, kwa sababu mnyama huyo hula majani ya vichaka wala si nyasi.

Hatua ya pili: kuchagua aina ya moto

Kuna mioto miwili, na anayeichanganya huharibu. Wa kwanza ni moto baridi, unaokusudiwa kuondoa nyasi zilizochakaa. Huchomwa hewa ikiwa chini ya nyuzi 20 za selisiasi na unyevu wa hewa ukiwa juu ya asilimia 50, wakati udongo umeshalowa kidogo kwa mvua ya kwanza lakini nyasi bado hazijaamka. Wa pili ni moto mkali, unaokusudiwa kurudisha nyuma vichaka vinavyoimeza mbuga. Huhitaji nyasi nyingi na kavu, joto la zaidi ya nyuzi 25 na unyevu wa chini ya asilimia 30. Katika mioto yote miwili upepo usizidi kilomita 20 kwa saa. Asiye na kipimo cha upepo atazame chini: vumbi na vipande vya karatasi vinapoanza kuinuka vyenyewe, upepo umeshapita hapo. Kipima unyevu cha mkononi, hata hivyo, kinunuliwe, kwa sababu ngozi ya binadamu haiwezi kutofautisha asilimia 50 na 35.

Kwa kamati inayoanza, ushauri wangu ni moto baridi peke yake kwa miaka michache ya kwanza. Moto mkali unahitaji watu waliokwisha kuona moto mkali.

Leleshwa inastahili maneno ya ziada, kwa kuwa ndiyo sababu ya kwanza inayotajwa na wenye ranchi za Nakuru wanapoomba kuchoma. Mti huu una mafuta katika majani yake, hivyo huwaka kwa kishindo hata ukiwa mbichi, na mwenye shamba hurudi nyumbani ameridhika. Miezi michache baadaye kisiki kimoja kilichokuwa na shina moja kina mashina mengi. Moto huua kilicho juu ya ardhi na kuacha mizizi hai. Kwa hiyo moto dhidi ya leleshwa una maana pale tu unapofuatwa na jambo jingine: mbuzi wa kula machipukizi, au kukata tena, au moto wa pili nyasi zitakaporudi. Lantana, ambayo imetapakaa magharibi, ni vivyo hivyo, na visiki vyake ving'olewe katika mvua inayofuata kabla havijatoa maua.

Hatua ya tatu: ruhusa na majirani

Kenya ina sheria mahususi ya mioto ya nyasi, Sura ya 327, na zaidi ya hapo Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 zina makatazo yake. Kamati isianze kwa kusoma vifungu peke yake. Ianze kwa barua kwa ofisi ya KWS iliyo karibu, kwa chifu na kwa idara ya zimamoto ya kaunti, ambayo chini ya Katiba ya 2010 ndiyo yenye jukumu la kuzima moto. Penye msitu wa serikali jirani, shirika la misitu liongezwe. Ruhusa iwe ya maandishi, itaje kipande na kipindi, na nakala yake iwe mfukoni mwa msimamizi siku ya kuwasha.

Majirani waarifiwe katika baraza, kisha waarifiwe tena kwa simu siku moja kabla, na mzee wa kijiji apite kwa wale wasio na simu. Waulizwe mambo matatu: mizinga ya nyuki iko wapi, nani huingia kukata nyasi za kuezekea au kuokota kuni, na nani katika boma ana maradhi ya kifua. Swali la pili si la adabu tu. Mwezi Septemba 2001, katika Mbuga ya Kruger nchini Afrika Kusini, moto wa nyika uliua zaidi ya watu 20, wengi wao wakiwa wafanyakazi waliokuwa mbugani kukata nyasi za kuezekea. Kwa upande wetu, njia nzuri ni kuwaalika wakata nyasi kuvuna kandokando ya kipande wiki chache kabla: wao wanapata paa, nanyi mnapata mpaka uliopungua nyasi.

Hatua ya nne: kuchora kitakachobaki

Chora ramani ya eneo lote, hata kwa mkono, na uweke kwanza sehemu za kimbilio: mabonde madogo yenye nyasi ndefu, mahali ambapo walinzi wameona ndama au viota, vichaka vya kando ya kijito, na ukanda unaounganisha maji na malisho. Sehemu hizi zisiungue mwaka huu. Katika eneo linalobaki, gawanya vipande ili kila mwaka kichomwe kimoja, na jumla ya kilichoungua isizidi theluthi moja ya nyanda zote. Mahali ambapo mioto ya ajali ni ya kawaida, robo inatosha, kwa sababu ajali itakuongezea bila kukuomba ruhusa. Mzunguko wa miaka mitatu au minne utatokea wenyewe, lakini usiufanye sheria. Ukame ukija, mwaka huo hakuna kuchoma.

Ukubwa wa kipande una mtego wake. Anayeogopa moto huchoma kipande kidogo, akidhani anajali usalama. Majani yanapochipua, kila swala, kila ngiri na kila ng'ombe aliyepenya hukusanyika hapo, na nyasi hung'olewa kabla mizizi haijapata nguvu. Kipande kiwe kikubwa kuliko wanyama waliopo wanavyoweza kukimaliza, au vichomwe vipande viwili vitatu vilivyotengana ili walaji wagawanyike. Mipaka nayo ifuate njia zilizopo, vijito na mabadiliko ya udongo.

Hatua ya tano: kinga za moto

Kinga hufyekwa mapema, nyasi zikiwa bado nusu kijani. Upana wa mita tano ni wa chini kabisa katika nyasi za kimo cha goti. Katika nyasi za kumfunika mtu, kama zile za Lambwe, mita kumi au zaidi. Lakini ukanda uliofyekwa pekee hauzuii moto unaokuja na upepo, kwa sababu cheche huruka. Kinga halisi ni ukanda mweusi: nyoosha njia mbili nyembamba zilizopaliliwa au kulowanishwa, zikiwa na umbali wa mita 20 au 30 kati yake, kisha asubuhi yenye umande unaokauka uchome nyasi zilizo katikati huku watu wakitembea pande zote mbili. Kazi hii hufanywa wiki kadhaa kabla ya siku kuu, na upande upepo unakoelekea ndio wa kwanza kukamilishwa.

Hatua ya sita: watu na vifaa

Kwa kipande cha hekta 40 mimi sipendi kuwa na watu wachache kuliko 15, na napendelea 20. Mmoja tu ndiye msimamizi, na msimamizi hashiki moto wala hazimi, anatazama moshi. Wawili huwasha, wengine hulinda mistari, na mmoja hukaa mahali pa juu akiwa na simu au redio ya mkononi.

Vifaa vingi vipo sokoni: pampu za mgongoni za kunyunyizia dawa, zilizooshwa vizuri, reki za chuma, mapanga na majembe, fimbo ndefu zilizopigiliwa kipande cha mpira wa tairi kwa ajili ya kupondea ndimi za moto, na bauza au trela ya maji. Tochi ya kudondosha moto hujazwa dizeli sehemu tatu na petroli sehemu moja, kamwe si petroli tupu. Nguo ziwe za pamba, kwa sababu nailoni huyeyukia mwilini, na viatu viwe vya ngozi, maana gambuti haifai juu ya makaa. Kila mtu aonyeshwe kabla ya kuwasha mahali ambapo tayari pameungua, na aambiwe kwamba upepo ukigeuka anakimbilia huko, kwenye weusi, wala hakimbilii kwenye nyasi ndefu wala kupanda kilima. Moto unaopanda mteremko wa nyuzi kumi huongeza kasi yake karibu maradufu.

Hatua ya saba: siku ya kuwasha

Pande za ziwa, kuanzia Kisumu hadi Mbita, upepo wa asubuhi hutoka nchi kavu kuelekea majini na ule wa mchana hutoka ziwani kuingia bara, na kati ya hizo mbili kuna saa ya kuduwaa ambapo moshi husimama wima. Saa hiyo ndiyo ya kuogopwa. Uchomaji wa moto baridi uanze umande unapokauka na uwe umefungwa kabla ya saa tano, au usianze kabisa. Nakuru, iliyo juu zaidi, hupata ubaridi kwa urahisi, lakini upepo wa mchana katika Bonde la Ufa haujali ratiba ya mtu. Kwa msimu, siku nzuri huangukia mwishoni mwa kiangazi, Februari kuelekea Machi, baada ya manyunyu ya kwanza. Subiri manyunyu yenyewe, si utabiri wake; lakini mvua ikizidi, udongo mweusi wa Lambwe utalinasa bauza nanyi mtabaki na moto bila maji.

Kabla ya kuwasha, walinzi wapite kipande chote kwa mstari, wakiongea kwa sauti na kupigapiga nyasi. Wakiinua ndama, kipande kiahirishwe au sehemu hiyo izungushiwe kinga. Kisha washa mita chache kwenye kona ya upande upepo unakoelekea na utazame kwa dakika kumi: ndimi zina kimo gani, moshi unalala wapi, je, nyasi zinaungua hadi chini? Jaribio likikataa, watu warudi nyumbani, hata kama chakula kimeshapikwa na mgeni wa heshima ameshafika. Shinikizo la mgeni wa heshima, niseme ukweli, limeharibu siku nyingi kuliko upepo.

Jaribio likikubali, wawashaji wawili huanza kona hiyo na kutembea kila mmoja upande wake, wakiuacha moto urudi taratibu dhidi ya upepo hadi weusi upanuke mita 30 au zaidi. Baada ya hapo huwasha mbavu, nusu kwa nusu. Upande upepo unakotoka hubaki wazi muda huu wote, na huko ndiko wanyama watokapo. Kosa la kuogofya kuliko yote ni kuwasha duara kamili, ambalo huwafungia kobe, ndama na sungura katikati. Mlinzi wa juu akithibitisha kwamba kipande kimetulia, ndipo upande wa mwisho huwashwa na moto kwenda na upepo hadi kwenye weusi unaoungoja.

Wengi huuliza kwa nini kipande chote kisichomwe kwa moto wa kurudi, ambao huonekana mpole. Upole wake ni wa machoni. Moto wa kurudi hutembea polepole huku joto lake likikaa karibu na udongo, pale hasa penye macho ya kuchipulia, na nyasi huumia. Moto unaokwenda na upepo hupeleka joto juu na kupita haraka. Kwa sababu hiyo ule wa kurudi hutumiwa kujenga ukingo salama, na ule wa mbele ndio unaosafisha nyasi.

Hatua ya nane: kuzima

Katika shamba moja kusini mwa mji wa Nakuru niliwahi kuwa miongoni mwa watu waliofunga kazi mapema. Saa kumi na moja jioni kipande kilikuwa cheusi kabisa, hakuna mwali hata mmoja, na lori lilikuwa likipiga honi. Tulikagua magogo, tukamwagia maji visiki viwili, tukaondoka. Hatukukagua mavi ya nyati. Kinyesi kikavu cha nyati hufukuta bila mwali kwa saa nyingi, na kwa juu huonekana kama jiwe la kijivu. Ukikipindua kwa fimbo, ndani ni chekundu kama jiko la makaa. Alasiri ya kesho yake upepo ulivunja kimoja kilichokuwa hatua tatu tu kutoka kwenye kinga na kukivingirisha vipande vipande hadi ng'ambo. Kilichoungua ni ukanda tuliokuwa tumeutenga kwa ajili ya ndama.

Tangu hapo ninafuata utaratibu ufaao. Ukanda wa mita 30 ndani ya mpaka wote hutembelewa kwa miguu, watu wakiwa bega kwa bega. Kila kinyesi hupinduliwa na kupondwa, kila gogo linalogusa kinga husogezwa ndani, na vichuguu vyenye matundu humwagiwa maji, kwa kuwa mizizi mikavu iliyomo husafirisha moto chini ya ardhi. Mahali panapotiliwa shaka hupimwa kwa nyuma ya kiganja, kikisogezwa polepole bila kugusa. Watu wanne hulala hapo usiku huo, na wengine hurudi kesho yake saa sita mchana, wakati ambapo moshi mwembamba kama wa ubani huonekana vizuri dhidi ya jua. Msimamizi hatangazi kwamba moto umekwisha mpaka siku mbili zipite bila moshi.

Hatua ya tisa: baada ya majivu

Ng'ombe wasiingie mpaka nyasi zifike kimo cha kiganja kilichosimamishwa, na kamati ikubaliane na wachungaji kabla, si baada. Wanyamapori hawataki kikao, watafika katika wiki ya kwanza, na mitego ya nyaya itafuata nyuma yao. Kwa hiyo doria ziongezwe hasa katika kingo ambapo nyasi ndefu zinakutana na chipukizi, maana mtegaji hujificha palepale anapojificha taya.

Kupe nao wapimwe. Funga kitambaa cheupe cha mita moja kwa mita moja kwenye fimbo, ukikokote polepole kwa mita 100 katika kipande kilichoungua na katika kile kisichoungua, kisha uhesabu waliong'ang'ania. Faida hii ilijulikana vizuri Ngorongoro, nchini Tanzania, ambako wafugaji wa Kimaasai walioondolewa ndani ya kreta mwaka 1974 walikuwa na desturi ya kuchoma nyasi. Uchomaji ulipokoma nyasi ziliongezeka na kupe wakaongezeka, na baada ya vifo vingi vya nyati na wanyama wengine mwaka 2000 na 2001, uchomaji uliopangwa ulirudishwa.

Mwisho, simika nguzo mbili, moja ndani ya weusi na moja katika kimbilio, na upige picha kutoka kila nguzo siku ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa kumi na mbili, kamera ikielekea upande uleule. Katika daftari ziandikwe joto, unyevu, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, idadi ya watu, na wanyama walioonekana wakitoka. Picha za mwezi wa kumi na mbili zikiashiria kwamba kipande hakijarudia gramu 400 kwa fremu, kipande cha pili kichomwe kama kilivyopangwa, na hicho cha kwanza kiondolewe katika zamu yake mpaka fremu itupwe tena.